Kuni za Hitima

Siku Bi Zeliha alipoondoka nyumbani kwa mwanawe, moshi ulikuwa umejaa uani na kila mtu alikuwa anafuta macho. Ilikuwa hitima ya siku ya hamsini na mbili tangu mumewe, Mzee Kazım, azikwe. Masufuria matatu yalikuwa juu ya mafiga: moja la bokoboko, moja la pilau, moja la nyama na dengu. Wanaume walikaa kwenye mabenchi yaliyoazimwa msikitini, migongo yao ikigusa ukuta wa ghala. Wanawake walijaa vyumba viwili vya ndani. Imamu alikuwa ameshamaliza kusoma.

"Kuni gani hizi, Tahsin?" aliuliza Durmuş, jirani yao wa shamba, akivuta benchi mbali na moshi. "Umeziopoa mtoni?"

"Mbichi kidogo, kaka. Nimezichanganya na mwaloni mkavu. Zitashika."

"Zitashika tukishaiva sisi."

Wanaume wakacheka kicheko cha matangani, kile cha kushusha uso. Tahsin naye akacheka kidogo, akachukua fimbo ya chuma na kusukuma gogo moja ndani zaidi. Alikuwa na miaka arobaini na minne, na ilikuwa mara yake ya kwanza kusimamia watu mia mbili bila baba yake kuwa nyuma yake akimwambia fanya hivi, usifanye vile.

Bi Zeliha akatoka kuonja chumvi. Kwetu mwenye msiba ndiye anayeonja sufuria la kwanza, na mpaka aonje hakuna sahani inayopakuliwa. Nazife, mke wa Tahsin, akampa kijiko cha mti. Mama mkwe akainama juu ya bokoboko, na alipoinama akaliona gogo lililoingia motoni nusu. Gome lake lilikuwa la kijivu linalong'aa, lenye mistari ya kuzunguka, gome la mcheri wa shambani kwao. Hilo peke yake lisingemshtua, kwa sababu kila mwaka hukatwa matawi. Lakini ubavuni mwa gogo kulikuwa na ndoano ya chuma iliyomezwa na gome mpaka ikabaki ncha tu. Kwenye ndoano hiyo Mzee Kazım alitundika koti lake kila asubuhi ya kazi kwa miaka thelathini.

Akakiweka kijiko pembeni ya sufuria.

"Umekata miti mingapi?" akauliza, sauti yake ya kawaida.

"Tutaongea baadaye, mama. Watu wanasubiri."

"Mingapi?"

"Yote. Ile ya manjano tu. Kumi na sita."

"Lini?"

"Juzi. Ulipokuwa unapita nyumba kwa nyumba kuwaalika."

Bi Zeliha akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Hakuonja. Nazife akaonja kwa niaba yake, akasema chumvi imetosha, na sahani zikaanza kutoka. Mjane akapakua. Alipakua mpaka mgeni wa mwisho, akawauliza wazee kama wanataka nyongeza, akawafungia chakula wasioweza kuja. Yeye mwenyewe hakula hata punje, na kwa kuwa macho yake yalikuwa mekundu, wanawake wakasema ni moshi, wengine wakasema ni huzuni.

Baada ya alasiri, wageni wakiwa bado wanakunywa chai, akatoka chumbani na begi dogo. Mkononi alishika mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko zilionekana ndara zake za nyumbani. Binti yake mkubwa, Müzeyyen, anayeishi mjini Akşehir, alikuwa ameshawasha gari.

"Mama, unakwenda wapi?" Tahsin akamfuata mpaka mlangoni.

"Kwa dada yako."

"Siku ngapi?"

Mama alikuwa anavaa viatu. Akainama kufunga kamba.

"Watu bado wapo, mama," Tahsin akasema chinichini. "Watasema nini?"

"Ndiyo maana ninaondoka sasa. Nikiondoka wakishatawanyika utawaambia nilikuwa mgonjwa."

Akawapungia mkono wanaume wa kwenye mabenchi, nao wakasimama kwa heshima, glasi za chai mikononi. Mtu anayekwenda kutembea haondoki na ndara zake. Huvaa za mwenyeji. Kila mwanamke aliyekuwa dirishani aliuona ule mfuko.

*

Micheri ya manjano haikuwa na faida, na hilo Tahsin aliweza kulieleza kwa mtu yeyote. Shamba lao lilikuwa na miti mia mbili na kumi. Karibu yote ilikuwa ya cheri nyeusi kubwa ambayo wanunuzi huipeleka nje kwa ndege. Katikati yake, bila mpangilio, Mzee Kazım aliacha miti kumi na sita inayozaa cheri za manjano, laini, zinazopata doa ukizigusa. Kiwanda cha jemu kilizichukua kwa lira kumi na mbili kilo, na ujira wa kuzichuma ulikuwa karibu hiyo hiyo. Majirani wote walikuwa wamekata ya kwao miaka mingi nyuma. Kazım alikataa.

Mwezi Januari, baba yake akiwa na mwezi mmoja kaburini, Tahsin alikwenda kwenye semina ya wilaya kuhusu kuongeza ubora na mavuno ya cheri. Alikaa mstari wa mbele akaandika: pogoa ili jua liingie, mwagilia kwa matone, usiache mti uzae kupita nguvu yake, badilisha aina duni kwa kupandikiza. Chini ya neno duni alipiga mistari miwili. Aliporudi alimwambia mama yake kwamba visiki vya miti ya manjano ataviunga kwa macho, yale machipukizi madogo, ya aina nyeusi, na baada ya miaka minne shamba zima litakuwa moja.

"Baba yako miti ile aliiita madume ya shamba," Bi Zeliha alimwambia siku ile. "Alisema yasiguswe."

"Kwa nini?"

"Hakusema kwa nini. Alisema ni madume."

"Mama, mti hauna dume wala jike. Huu siyo mbuzi." Akacheka, akamwambia Nazife alete chai. Jioni yake akalirudia neno hilo kwenye nyumba ya chai, na kwa wiki nzima wanaume waliulizana hali za madume yao.

Sasa mama hayupo, na kwenye nyumba ya chai hakuna aliyeuliza, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kuulizwa. Tahsin alipiga simu kila Ijumaa. Mama alipokea, akasema yeye mzima, akamsalimia Nazife na watoto, akasema simu inaisha chaji. Siku moja Nazife, akichota majivu ya hitima kumwagia vitunguu, alikuta ile ndoano. Aliiosha akaitia kwenye droo ya vijiko. Hakuwa na pengine pa kuiweka. Tahsin akafungua droo kutafuta kisu, akaiona, akaifunga droo polepole.

"Si uitupe," akasema.

"Tupa wewe," Nazife akajibu.

Hakuna aliyeitupa.

Aprili ilipofika, shamba lilichanua kuliko mwaka wowote. Tahsin alikuwa amepogoa vizuri. Jua liliingia mpaka shinani, na matawi yalikuwa meupe tangu kwenye ncha mpaka kwenye shina. Mfuga nyuki alileta mizinga arobaini, mara mbili ya ile aliyokuwa akiomba Kazım, na shamba zima lilivuma. Watu walisimamisha matrekta barabarani kutazama. Tahsin alipiga picha akamtumia dada yake, akaandika: Mwonyeshe mama.

Müzeyyen akajibu: Ameona. Anauliza nyuki wanatoka wapi kwenda wapi.

Hakuelewa swali, akadhani mama anazeeka.

*

Wiki ya pili ya Mei zile cheri ndogo za kijani, kubwa kidogo kuliko punje ya mtama, zilianza kugeuka njano na kudondoka. Kila mwaka huanguka kiasi. Mwaka huo ziliendelea kuanguka. Ukitikisa tawi, zilikunyeshea mabegani. Siku ya kumi Tahsin alitembea safu nzima akatafuta tunda lililobaki na kuhesabu mawili, matatu kwa tawi ambalo mwaka jana lilikuwa na mia.

"Ni barafu," akasema kwenye nyumba ya chai kabla ya mtu yeyote kuuliza. "Mnakumbuka asubuhi ya tarehe kumi na mbili Aprili, majani yalikuwa meupe."

Walikumbuka. Durmuş, ambaye shamba lake la miti sitini linapakana na la Tahsin, naye alikuwa amepoteza karibu yote, na barafu ilimfaa kama maelezo. Walioko ng'ambo ya mto, kijiji cha pili, walikuwa na matunda ya kawaida, lakini barafu huchagua pa kupita. Mwenyekiti wa kijiji akaandika barua wilayani kuomba mtaalamu aje kuthibitisha hasara, na wenye mashamba yaliyoumia wakaanza kutembea wameinua vichwa kidogo, kwa sababu aliyepigwa na barafu hana kosa.

Mtaalamu alikuja Jumanne. Alikuwa mwanamke kijana aitwaye Selcen, mwenye buti za mpira na kiwembe kidogo mfukoni. Wanaume tisa walimfuata, Tahsin mbele. Akachuma matunda madogo yaliyonyauka, akayapasua moja moja kwenye kiganja chake, akayatazama kwa kioo cha kukuzia. Alifanya hivyo kwenye miti kumi bila kusema kitu.

"Siyo barafu," akasema mwishoni.

"Dada, majani yalikuwa meupe," Tahsin akasema.

"Barafu ikiua, moyo wa ua huwa mweusi. Huu ni wa kijani. Tazama mwenyewe." Akampa kioo. "Hili halikuungua. Lilisubiri chavua, halikuipata, likachoka."

"Halikuipata vipi? Nyuki walikuwepo. Nilileta mizinga arobaini."

"Nyuki walileta chavua ya wapi?"

"Ya maua haya haya. Yalikuwa kila mahali."

Selcen akafuta kiwembe kwenye suruali. "Cheri hii haijichavushi. Miti yote hii ni mti mmoja uliokatwa vipande na kuungwa mara mia mbili. Ni ndugu wa tumbo moja, hawaoani. Lazima pawe na aina nyingine karibu, inayochanua wakati mmoja nayo. Hapa ilikuwa wapi aina nyingine?"

Akaangaza macho mwenyewe, na kwa kuwa Tahsin alikuwa amefyeka majani vizuri, visiki vilionekana kutoka mbali, kila kimoja kimefungwa nta na kitambaa palipopandikizwa.

"Vile visiki vilikuwa vya nini?"

Wanaume wakatazama viatu vyao. Ni Durmuş aliyejibu, taratibu, kama anayemsaidia mgeni asiyejua mahali.

"Vile vilikuwa bokoboko, mheshimiwa. Tumeshavila. Hitima ya baba yake."

Mmoja akaanza kucheka, akageuza kuwa kikohozi. Masikio ya Tahsin yaliwaka. Alitaka kusema neno lolote, akasema lililokuwa karibu. "Kwenye semina walituambia tuondoe aina duni."

Selcen akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Ulikuwa mstari wa mbele. Nakukumbuka, uliandika sana." Hakukusudia kumwumiza, ndiyo maana iliuma. "Habari ya uchavushaji tuliifundisha mchana, baada ya chakula."

"Mchana nilikwenda kubadilisha tairi."

Alisema ukweli, na ukweli wenyewe ulisikika kama jambo la mtoto. Durmuş alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa anatazama ng'ambo ya waya, kwenye miti yake sitini.

"Na kwangu?" akauliza. "Mimi sijakata kitu mwaka huu. Ya manjano nilikata mwaka ule tulipoweka mabomba ya maji."

"Nyuki hawasomi hati za mashamba," Selcen akasema. "Miti yako ilikuwa inakula hapa."

Durmuş akakaa chini kwenye kisiki kilichokuwa karibu. Alikaa hapo muda, akipapasa nta kwa kidole gumba. Aliposimama hakumtukana Tahsin. Alimpita bila kumwangalia, akaruka waya, akaenda kwake.

*

Mwezi Juni wachumaji walikuja kutoka Urfa kama kila mwaka, familia tatu kwenye basi dogo, vyungu na magodoro juu ya paa. Tahsin alikuwa amempigia simu msimamizi wao kumwambia hakuna mavuno, lakini amempigia wakiwa wameshafika nusu ya njia, kwa sababu kwa siku kumi alishika simu na kuiweka. Mke wa msimamizi alishuka akaingia moja kwa moja jikoni.

"Mama yuko wapi? Nimemletea pilipili ya kusaga."

"Yuko Akşehir," Nazife akasema.

"Anaumwa?"

"Haumwi."

Mwanamke akamtazama, akaelewa kwamba asiulize la tatu. Akaiacha pilipili mezani. Walikunywa chai, wakalipwa nauli, wakaenda kutafuta kazi ng'ambo ya mto.

Mwaka uliopita shamba lilitoa tani nane. Mwaka huo Tahsin na Nazife walichuma wawili tu, siku mbili, wakapata kilo mia nne. Mti uliobaki na matunda machache huyalisha vizuri, kwa hiyo zilikuwa cheri kubwa ajabu. Ferruh mnunuzi aliweka moja baada ya nyingine kwenye kibao chake chenye matundu ya kupimia, na hata tundu la milimita thelathini zilikataa kupita.

"Ubora huu sijauona tangu nianze kazi," akasema, akipangusa jasho. "Lete nyingine."

"Ndizo hizo."

Ferruh alidhani ni utani wa kupandisha bei. Alicheka, akasubiri. Kisha akaona uso wa Nazife, akaanza kupakia makreti bila kuinua kichwa.

*

Julai Tahsin alikwenda Akşehir. Kila mwaka kreti la kwanza la shamba hupelekwa kwa Müzeyyen, na mwaka huo halikwenda. Zote zilipakiwa kwa Ferruh, hata bakuli la nyumbani halikubaki. Asingeweza kufika kwa mama yake mikono mitupu. Alizunguka soko mara mbili akitazama kama kuna mtu wa kijijini, kisha akasimama kwenye meza ya cheri.

"Onja, kaka, onja kwanza," muuzaji akasema. "Nyie watu wa mjini mnanunua kwa macho. Cheri huangaliwa kikonyo. Kikiwa kijani, imechumwa jana. Umejifunza kitu leo."

"Nimejifunza," Tahsin akasema. "Nipimie kilo tatu, utie kwenye kreti."

Müzeyyen anaishi ghorofa ya nne. Mlangoni, juu ya zulia dogo, ndara za mama yake zilikuwa zimepangwa pamoja na za wenye nyumba. Tahsin akavua viatu, na dada yake akamtolea ndara za wageni.

Bi Zeliha alikuwa kibarazani akimenya maharage. Alimpa mkono, Tahsin akaubusu na kuuweka kwenye paji la uso wake, kama inavyopasa. Müzeyyen akaleta cheri kwenye bakuli akaenda zake jikoni. Mama akatia moja mdomoni, akaitafuna, akatema kokwa mkononi.

"Za bondeni," akasema. "Zimenyweshwa maji mpaka siku ya mwisho. Hazina kitu ndani."

"Nimezinunua."

"Najua. Kiasi gani?"

"Mia na ishirini kilo."

"Umeibiwa," akasema, akachukua nyingine.

Tahsin alikuwa amepanga maneno njiani, saa nzima ya barabara, na sasa aliona yote ni marefu. "Mama, nimekosea."

"Nini?"

"Kukata ile miti."

"Miti ilikuwa yako. Baba yako aliiandika kwa jina lako akiwa hai, hakunisikiliza. Mtu hukata mti wake." Akarudi kwenye maharage. "Siku nikikupigia kelele kwa ajili ya mti, nitakuwa nimechanganyikiwa."

"Sasa kwa nini uliondoka?"

Mikono ya mama ikasimama. Alitazama chini barabarani, ambako mtu alikuwa anajaribu kuingiza gari mahali padogo.

"Niliwapakulia," akasema. "Niliona ile ndoano, nikajua kinachoungua pale ni nini, nikachukua upawa nikapakua. Watu mia mbili. Nikawauliza kama wanataka nyongeza. Ningeweza kumwaga maji kwenye moto. Ningeweza kusema, simameni, hiki hakiliki. Nikafikiri, aibu gani hii mbele za watu, nikanyamaza nikapakua. Baba yako alikuwa hajatimiza miezi miwili. Wewe hukujua unachofanya. Mimi nilijua." Akavuta pumzi. "Nikikaa pale, kila mwanamke akiingia mlangoni, najiona nimeshika ule upawa."

Miezi mitano Tahsin alikuwa amembeba mama yake kichwani kama mtu aliyemkasirikia, na amejizoeza kustahimili hasira. Hili lilikuwa kitu kingine, na hakujua pa kulishika.

"Nitapandikiza tena ya manjano," akasema mwishowe. "Kwenye visiki vile vile."

"Macho ya kuungia utayatoa wapi? Kijiji kizima kimekata."

"Sijui. Nitauliza wilayani."

"Kwa Durmuş. Upo mmoja nyumbani kwake, mbali na shamba, ndani ya banda la kuku. Baba yako ndiye aliyemwungia baba yake. Nenda Agosti, gome likiachia mti." Kisha akaongeza, "Usimtume Nazife."

"Nitakwenda mwenyewe. Na utarudi?"

"Yakichanua, njoo unichukue."

Alipiga hesabu bila kutaka. Jicho la Agosti huchipua masika yanayofuata. Maua huja mwaka wa nne, pengine. "Mama, hiyo ni miaka..."

"Najua kuhesabu, mwanangu. Maharage hayaliwi mabichi. Kaa, Müzeyyen anapika."

Akakaa akala. Alipoondoka mama alilijaza lile kreti tupu, kwa kuwa chombo hakirudishwi kitupu: maharage, mkate wa jana, na soksi alizomfumia mjukuu. Hakumtuma salamu kwa mtu yeyote kijijini.

*

Durmuş alimwacha asimame nje ya uzio muda wa kutosha majirani wawili wapite.

"Umekuja na kisu au na msumeno?"

"Na kisu, kaka."

"Kionyeshe."

Tahsin akakitoa kile kisu kidogo cha kuungia. Durmuş akakijaribu makali kwenye ukucha.

"Kinyesi cha kuku ni kingi. Viatu vyako vizuri."

"Si kitu."

"Unataka macho mangapi?"

"Arobaini na nane. Matatu kila kisiki."

"Na kwangu?"

Tahsin hakuelewa.

"Miti yangu sitini, bwana. Au nyuki wako watakuwa wanakuja kuniletea kwa mkopo tena?" Durmuş akafungua lango la banda kwa goti. "Utaniungia mitano, safu ya katikati. Utaanza kwangu. Ukimaliza kwangu, na kama yatabaki, utaunga kwako."

"Sawa."

"Na yakifa kwangu utarudia. Yakifa kwako, shauri yako."

"Sawa, kaka Durmuş."

Aliinama kupita chini ya kamba za kuku. Mti ulikuwa umepinda, haukupogolewa miaka mingi, na shinani kuku walikuwa wamefukua mashimo. Tahsin alipanda ngazi, akakata vijiti vya mwaka huo, akavipunguza majani moja baada ya jingine na kubakiza kikonyo, kama alivyofundishwa na baba yake akiwa na miaka kumi na miwili. Chini, Durmuş alimshikia ndoo yenye kitambaa kibichi. Wakati mmoja Durmuş alisema, "Hilo limezeeka, acha," na Tahsin akaliacha.

Aliunga siku nne, mbili za kwanza katika shamba la Durmuş. Kwenye visiki vyake mwenyewe, machipukizi ya cheri nyeusi aliyoyapandikiza Machi yalikuwa yameshika vizuri, marefu kama mkono. Aliyakata, akabakiza kwenye kila kisiki matatu tu ya kuungia ya manjano.

Masika yaliyofuata, maua yalipofunguka, alikata matawi kutoka mti wa bandani na kuyatia kwenye ndoo za maji, nyuki wapate chavua ya aina ya pili. Nazife alizitundika shambani, moja kila miti mitano, na kwenye shamba la Durmuş pia. Ni kazi ya wiki mbili, maji hubadilishwa kila siku ya pili, na wapita njia huuliza kama kuna harusi. Mwaka huo zilipatikana tani tatu.

Kati ya macho arobaini na nane, thelathini na tisa yalishika, na hakuna kisiki kilichokosa walau moja. Sasa yamefika kiunoni. Yatachanua baada ya miaka mitatu, yasipopata ugonjwa. Bi Zeliha alitimiza miaka themanini mwezi Machi. Bado yuko Akşehir, ghorofa ya nne, na ndara zake ziko mlangoni kwa binti yake.